Hewa Inayouzwa kwa Dakika: Ni Dawa au ni Starehe?

Naomba nafasi katika jarida letu niendeleze mjadala uliokatizwa na kengele muhula uliopita. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alisimama chamani akadai kuwa baa za oksijeni hazihitaji sheria yoyote, kwani hewa ni ya Mungu na kila mtu ana pua yake. Tuliangua kicheko, nami nikiwemo. Lakini sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani naye.

Kwa wale ambao hawakuwepo, baa hii haiuzi pombe. Mteja anaketi, anatiwa mpira mwembamba puani, kisha mashine inachuja nitrojeni kutoka hewa ya kawaida na kumletea oksijeni iliyopitishwa kwenye chupa za maji ya rangi yenye manukato. Malipo ni kwa dakika. Biashara hii ilishika kasi miaka ya 1990 huko Japani, Kanada na Marekani. Mwaka wa 2019 ilifika Delhi, India, ambapo baa iitwayo Oxy Pure ilifunguliwa mtaani Saket ikatoza rupia 299 kwa dakika 15. Mteja alijichagulia harufu: mchaichai, chungwa, mdalasini na kadhalika. Novemba ya mwaka huohuo hewa ya Delhi ilichafuka hata shule zikafungwa. Sasa jamani, mtu anayemeza moshi siku nenda siku rudi, dakika 15 zitamfaa nini? Akitoka tu mlangoni, moshi unamngoja palepale.

Hebu tukumbuke masomo yetu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Mtu mwenye afya, damu yake tayari imebeba asilimia 95 hadi 100 ya oksijeni inayoweza kubeba. Kumwongezea ni kumimina maji kwenye mtungi uliojaa. Kusema kweli, mtu kama huyo hatadhurika kwa dakika hizo chache. Atapoteza pesa zake tu, na pesa ni zake.

Ninayemhofia mimi ni mgonjwa. Nyanya yangu alipika kwa kuni maisha yake yote, na moshi ukamharibu mapafu. Alipoletewa mashine ya oksijeni nyumbani, daktari aliandika kipimo kwenye karatasi: lita mbili kwa dakika. Siku moja mjomba akataka kuongeza, eti mama apone upesi. Muuguzi aliyekuja kumwangalia alimkemea kama mtoto. Alitueleza kuwa mapafu yaliyochoka namna ile yakipewa oksijeni kupita kiasi, kabonidioksidi inaweza kujaa mwilini, mgonjwa akasinzia na asiamke tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa kile kifungo. Je, kule baa ni nani atakayemuuliza mteja hali ya mapafu yake? Yule kijana wa kupokea pesa?

Halafu kuna yale manukato. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imewahi kuonya kuwa matone ya mafuta yakivutwa hadi ndani yanaweza kuleta aina ya nimonia. Tena mbaya zaidi ni moto. Sote tuliona maabarani kijiti chenye kaa kikitiwa kwenye neli ya oksijeni na kuwaka upya. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini huchochea moto vibaya sana. Nyumbani jiko, mshumaa na sigara vilipigwa marufuku chumbani kwa nyanya. Mahali pa starehe, mtu kuwasha sigara ni jambo la kawaida.

Sheria zinasemaje? Mamlaka hiyohiyo ya Marekani inaihesabu oksijeni anayopewa mtu ili aivute kuwa dawa ya kuandikiwa na daktari. Hata hivyo, kuhusu baa hizi imeyaachia majimbo yaamue. Mengine yanaziruhusu, mengine yanazibana. Nao wafanyabiashara wameshakijua kichochoro: hawasemi wanatibu, wanasema wanaburudisha. Neno moja linabadilishwa, dawa inageuka soda! Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka oksijeni kwenye orodha ya dawa muhimu, na mwaka wa 2021 tuliona jinsi wagonjwa wa korona kule Delhi walivyokufa kwa kuikosa. Kitu cha uzito huo hakifai kuachiwa ujanja wa maneno.

Sisemi baa hizi zipigwe marufuku. Atakaye kujiburudisha na ajiburudishe. Ila mwenye kufungua, iwe ni Delhi au mjini kwetu hapa, apate kibali cha idara ya afya kwanza. Abandike ukutani, kwa herufi kubwa, kuwa hewa yake haitibu chochote na kuwa wenye ugonjwa wa mapafu wamwone daktari kwanza. Mafuta ya kunukia yasikaribie mashine, wala kiberiti. Na mkaguzi aje bila kupiga simu. Akiukuta mpira wa mteja wa jana unangoja pua ya mteja wa leo, afunge mlango siku hiyohiyo.