Macho ya mpanda mlima yasinunuliwe kwa haraka

Wafanyabiashara wa Holili na Taveta, kama wenzao wa Tarakea na Loitokitok, huuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi mawingu yanapofunguka. Wapo wasioishia kuutazama. Hufunga duka kwa juma moja wakaupanda, na wengine wana watoto wanaoishi kwa kazi ya kuongoza watalii. Kwa asiyeona mbali, miwani huko juu ni usumbufu, maana pumzi huitia ukungu na ikianguka kwenye mawe safari imeharibika. Lenzi za kuvaa machoni nazo zinadai mikono safi mahali ambapo maji ni ya kupimiana.

Ndiyo maana upasuaji wa macho kwa leza unawavutia wengi, na wapo walio tayari kuvuka mpaka kuufuata. Hilo si kosa. Kosa ni kuchagua kwa kuangalia bei peke yake.

Mfano wa tahadhari upo. Mei 1996, Mmarekani Beck Weathers alikwama juu ya Mlima Everest kwa kuwa macho yake yaliacha kuona. Miaka ya nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa zamani, uliochanja konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa kisu. Penye hewa chache konea ile ilibadilika umbo. Dhoruba ikamkuta huko. Alinusurika, lakini alikatwa mkono wa kulia.

Leza ya leo si kisu kile, ila nayo ina aina zake. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukifunua, hupiga leza kisha hukirudisha. Mgonjwa huona vizuri baada ya siku chache, lakini pigo kali la jicho laweza kukisogeza kifuniko hicho hata baadaye. Katika PRK hakuna kifuniko. Maumivu ni ya siku kadhaa na uoni hutulia polepole, kwa majuma au hata miezi. Mtu wa kamba, miamba na kuanguka ana sababu ya kumuuliza daktari kuhusu njia hii ya pili.

Yapo mengine ya kupimwa. Macho hukauka baada ya upasuaji, na hewa ya mlimani ni kavu. Baadhi ya watu huona taa zikitawanya mwanga usiku, ilhali safari ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kwa kawaida huanza usiku wa manane kwa kurunzi ya kichwani. Theluji huakisi sehemu kubwa ya mionzi ya jua, hivyo miwani ya jua inabaki kuwa lazima. Aliyefika miaka 40 na kuendelea ajue pia kwamba huenda bado akahitaji miwani ya kusomea ankara.

Si kila jicho linafaa. Mwenye konea nyembamba au iliyochongoka, na yule ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika, hupaswa kuambiwa hapana. Kituo kisichowahi kumkataa mtu kinastahili kutiliwa shaka.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilikusudia huduma zivuke mipaka kama bidhaa. Basi mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama yarahisishe jambo moja: mgonjwa wa Arusha aweze kuthibitisha sifa za mpasuaji wa Nairobi kabla ya kulipa, na wa Nairobi vivyo hivyo kwa wa Kampala. Bei itajwe yote, pamoja na ya kurudi kukaguliwa, kwa sababu anayeishi ng'ambo ya mpaka hulipa pia nauli na siku za duka kufungwa.

Wafanyabiashara husema mali bila daftari huisha bila habari. Vipimo vya konea vya kabla ya upasuaji navyo ni daftari. Vitahitajika siku mgonjwa atakapotolewa mtoto wa jicho uzeeni, pengine katika nchi nyingine. Aombe nakala, aitunze pamoja na hati ya kusafiria, na mlima aupande daktari atakapomruhusu. Kilimanjaro hakihami.