Kuihifadhi Motokaa Majira ya Baridi



Nyumba nyingi za mwambao wetu zina kijana aliyehamia ng'ambo, na wengine wamefika hata Kanada na kaskazini ya Marekani, ambako wakati wa baridi maji hugeuka jiwe. Huko wako wanaoamua kuilaza motokaa tangu theluji ya kwanza hata itakapoyeyuka, wakasafiri kwa basi na treni. Kwa mfano, katika jimbo la Quebec sheria yawalazimu wenye motokaa kutumia mipira maalumu ya baridi tangu tarehe 1 Disemba hata tarehe 15 Machi, na mipira hiyo ina gharama. Uamuzi huo si mbaya, lakini kulaza motokaa si kuitupa. Kuna mambo ya kutengeneza kabla.

Kwanza, motokaa ioshwe, hasa tumboni mwake. Barabara za huko humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi ni adui wa chuma. Motokaa iliyolala na chumvi huamka na kutu.

Pili, maji ya rejeta. Maji yagandapo hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na nguvu hiyo huweza kuipasua injini. Dawa ya kuzuia mgando, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, hustahimili hata nyuzi 37 chini ya sifuri. Lakini dawa hiyo aghalabu ni sumu, na ladha yake ni tamu. Ikimwagika ifutwe upesi, na chombo chake kiwekwe mbali na watoto na paka.

Tatu, betri. Iliyojaa umeme haigandi hata nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyokwisha umeme huweza kuganda kwenye nyuzi 10 tu. Basi ijazwe, kisha nyaya zake zifunguliwe, ukitangulia ule wa hasi.

Nne, oili iliyotumika ibadilishwe, maana ina asidi na unyevu uletao ulikaji. Tangi lijazwe petroli na kutiwa dawa ya kuihifadhi isiharibike. Kisha injini iendeshwe kidogo nje, ili dawa ienee.

Tano, mipira ijazwe upepo vizuri, isije ikabonyea upande mmoja. Breki ya mkono isivutwe, kwani hushikana ikakataa kuachia. Magurudumu yazuiliwe kwa kabari. Motokaa ifunikwe kwa kitambaa kipitishacho hewa, wala si nailoni. Bomba la moshi lizibwe kwa tambara ili panya wasiingie, na alama ifungwe penye usukani, tambara hilo lisije likasahauliwa.

Sasa twafika kwenye jambo zito kuliko yote. Wako waionao motokaa imelala, wakaona vyema kuiwasha dakika chache kila wiki. Faida yake ni haba, kwa sababu injini haipati moto wa kutosha, na unyevu hubaki ndani. Madhara yake ni makubwa. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika banda lililofungwa huua mtu kabla hajatambua, na ikiwa banda limeungana na nyumba, hupenya hata vyumbani walalamo watoto. Kufungua mlango wa banda hakutoshi. Hata uwanjani, theluji ikiziba bomba la moshi, gesi hurejea ndani ya motokaa. Kwa hiyo, motokaa ikilazwa, iachwe ilale.

Enyi wazazi mlioko huku, mnapozungumza na vijana wenu kwa simu, msiulize habari za kazi na fedha tu. Waulizeni pia motokaa imelazwa wapi, na kama nyumba yao ina kile chombo kidogo cha ukutani kipigacho kelele gesi hii inapozidi. Bei yake si kubwa. Motokaa ikiharibika hununuliwa nyingine. Roho haina duka.

Wassalaam.