Kasi yahitaji uwanja na darasa, si barabara ya umma

Mwana akililia wembe, mpe. Methali hii huwatoka watu wazima pindi wanapochoka kuonya. Nilimsikia mzee mmoja akiitamka katika matanga ya kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wangu wa isimu. Kijana huyo alifariki Jumapili moja alfajiri katika barabara kuu itokayo Nairobi, akiwa juu ya pikipiki ya kasi, akishindana na wenzake wawili. Mama aliyekuwa akivuka barabara na kikapu chake cha mboga alivunjika miguu. Mzee alipomaliza kusema, waombolezaji walitikisa vichwa kukubali. Mimi sikuweza. Wembe alipewa, naam. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwonyesha namna ya kuushika na mahali pa kuutumia?

Swali hilo si la familia moja. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), watu zaidi ya 4,700 walifariki katika barabara zetu mwaka 2024. Waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wahanga, nao waendeshaji pikipiki wanawafuata. Waendeshaji hao kwa jumla ni vijana wa bodaboda. Wenye pikipiki za kasi ni wachache mno. Hata hivyo, hao wachache wanatufundisha jambo ambalo hao wengi pia wanalihitaji, nami nawaomba walimu na wanafunzi wenzangu walitafakari pamoja nami.

Tuanze na chombo chenyewe. Pikipiki ya kasi ya injini ya sisi 1,000 huwa na uzani wa kilo 200 hivi na nguvu zinazokaribia za farasi 200. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, huchukua takriban sekunde tatu. Mwanafunzi yeyote wa fizikia anafahamu kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Tena, kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, mtu husafiri zaidi ya mita 55 kwa sekunde moja. Sekunde hiyo ndiyo ambayo ubongo huitumia kutambua kwamba mbele kuna mama mwenye kikapu. Kabla ya kidole kugusa breki, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa soka imekwisha kupita.

Fauka ya hayo, chombo hiki hukaidi silika ya binadamu. Ukiwa katika mwendo mkubwa na unataka kukata kona ya kulia, huna budi kuusukuma mkono wa kulia wa usukani mbele, kana kwamba unataka kwenda kushoto. Pikipiki hulala upande wa kulia na kuifuata kona. Vilevile, pikipiki huelekea pale macho yanapotazama. Mwenye hofu huukazia macho mti, na mti ndio anaougonga. Maarifa haya hayazaliwi na mtu, wala hayapatikani kwa ushujaa. Hupatikana kwa mafunzo, na mafunzo yana mahali pake.

Mahali hapo nilipaona mwaka 2011, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu nchini Uingereza. Jirani yangu mmoja, fundi wa mabomba ya maji, alinialika tuandamane hadi Brands Hatch, uwanja wa mbio ulioko jimbo la Kent. Wenzetu wana desturi ambayo, kwa kukosa istilahi iliyokubalika, nitaiita siku ya uwanja. Siku hiyo uwanja hukodishwa kwa raia wa kawaida. Kila mtu hulipa ada, huleta pikipiki yake mwenyewe na kuiendesha kwa kasi kadiri ya uwezo wake, pasipo polisi wala lori wala mtoto anayekimbiza mpira.

Nilitarajia kukuta wahuni. Nilikuta darasa. Asubuhi watu wote walikusanywa chumbani wakasomewa kanuni, na asiyehudhuria hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Mavazi yao ya ngozi, glavu, buti na kofia ngumu vilikaguliwa. Pikipiki zilipimwa kelele, kwa kuwa majirani wa uwanja nao wana haki ya kusikilizana majumbani mwao. Kisha waendeshaji waligawanywa katika makundi matatu: wanaoanza, wa wastani na wenye uzoefu. Kila kundi lilipewa zamu ya dakika 20 hivi, na mizunguko ya kwanza ilikuwa ya taratibu, nyuma ya mwalimu, ili kila mtu aijue njia. Hapakuwa na mshindi wala kikombe. Kushindana kwenyewe kulikatazwa! Anayetaka kushindana hufuata njia nyingine: husomea kozi, hupata leseni ya mashindano na kujiunga na klabu, ambako huanza akiwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa ili wanaomfuata watambue kwamba ni mgeni.

Lililonivutia zaidi, kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, ni lugha ya bendera. Bendera ya manjano humaanisha hatari iko mbele, punguza mwendo wala usimpite mtu. Nyekundu humaanisha zamu imesimamishwa, rudi polepole. Ya manjano yenye mistari myekundu huonya kwamba lami inateleza. Nyeusi humwita mtu atoke uwanjani, na ile ya mirabaraba myeusi na myeupe hutangaza mwisho. Ishara ni chache, na kila moja ina maana moja tu. Aliyekuwa hazijui hakupewa nafasi ya kupanda pikipiki.

Sasa tulinganishe na barabara zetu. Dereva akikuwashia taa kubwa mara mbili, anasema nini? Wakati mwingine anasema, "Pita, nakupisha." Wakati mwingine anasema, "Kaa hapo hapo, mimi ndimi ninayepita." Ishara ni ile ile, na maana mbili hizo zinapingana. Lori lililo mbele yako likiwasha kiashirio cha kulia, huenda linakata kona, au huenda linakuonya usilipite kwa kuwa kuna gari linakuja. Tumejifunza kubahatisha. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, anayebahatisha vibaya huenda akaponea chupuchupu. Katika kilomita 200, haponi.

Hata hivyo, nisije nikadhaniwa kwamba nasema Wakenya hawana uwezo wa kuafikiana. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga juu ya lami. Hakuna anayeuliza maana yake, kuanzia Mombasa hadi Malaba. Lugha hiyo tuliibuni wenyewe na tunaitii. Kinachokosekana ni nia ya kuifundisha lugha pana zaidi kwa wale tunaowakabidhi vyombo.

Yapo pia mafunzo ya historia. Mwaka 1907, sheria ya Uingereza ilikuwa imeweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi, katika barabara za umma. Wapenzi wa kasi wakatafuta njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa Brooklands, katika jimbo la Surrey, ambako tajiri mmoja aitwaye Hugh Locke King alijenga uwanja maalumu wa mbio za magari katika ardhi yake, wa kwanza wa aina yake duniani. Njia ya pili ilikuwa kisiwa cha Man, chenye bunge lake, lililokubali barabara za umma zifungwe kwa muda ili mbio zifanyike. Mashindano ya TT ya pikipiki yalianza kisiwani humo mwaka huo huo, na yanaendelea hadi leo. Tangu mwaka 1911 yamefanyika katika njia ya milimani yenye urefu wa kilomita 60.7, inayopita kati ya nyumba, kuta za mawe na nguzo za simu. Wenye kasi zaidi huizunguka kwa wastani wa zaidi ya kilomita 215 kwa saa.

TT ina kanuni, ina bendera, ina waamuzi, na kila anayeshiriki ameridhia. Lakini ukuta haujaridhia kusogea. Waendeshaji zaidi ya 260 wamekufa katika njia hiyo ya milimani. Baada ya Mwitaliano Gilberto Parlotti kufa huko mwaka 1972, bingwa wa dunia Giacomo Agostini alikataa kurudi, na wengine wakamfuata. Mwaka 1976 ulikuwa wa mwisho kwa TT kuhesabiwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata Grand Prix ya Uingereza ilihamishiwa Silverstone. Waliohimiza mabadiliko hayo hawakuwa waoga. Walikuwa mabingwa waliojua kwamba hata stadi hukosea, na kwamba mahali pa kasi ni lazima pawe na nafasi ya kukosea: changarawe ya kumpunguzia mwendo aliyeanguka, eneo pana kando ya kona, na daktari aliye karibu.

Nafasi ya kukosea! Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Darasa ni nini, kama si mahali ambapo kosa halimwui mtu? Mwanafunzi hukosea ngeli katika insha, tukamsahihisha kwa wino mwekundu, akarudia. Barabara kuu haina wino mwekundu wa namna hiyo. Kijana wangu yule alilifanya kosa lake la kwanza kubwa mahali ambapo hapakuwa na kosa la pili.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri, na kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haifai kushughulika nao. Nakubali kwamba ni ghali. Tairi na vazi la ngozi pekee hula mshahara wa mwalimu. Ndiyo maana siombi hazina ya serikali ijenge uwanja wa fahari. Wengine watasema kwamba uwanja huchochea uchu wa kasi, na kwamba kijana atatoka humo akaendeleze mbio barabarani. Huenda mmoja akafanya hivyo. Lakini wengi niliowasikiliza Brands Hatch walisema kinyume: baada ya kuuona mwendo wa kweli mahali salama, barabara iliwatisha zaidi. Wapo, tena, watakaosema kwamba uwanja nao huua. Ni kweli. Marco Simoncelli alikufa uwanjani Sepang, Malaysia, mwaka huo huo wa 2011. Hakuna anayedai kwamba hatari huisha. Ila aliyekufa pale aliijua hatari hiyo na kuikubali. Mama wa mboga hakuulizwa.

Na hiyo ndiyo tofauti iliyo kuu kuliko zote. Kasi yenyewe si dhambi. Dhambi ni kumtia mtu katika mchezo ambao hakuukubali na ambao lugha yake hajafundishwa.

Basi tufanye nini? Nchi hii si ngeni katika michezo ya magari. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na mwaka 2021 zilirejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Kuna vijana wetu wanaoruka vilima kwa pikipiki za motokrosi katika bustani ya Jamhuri, Nairobi. Tulichokosa ni uwanja wa lami wa ngazi ya Kyalami wa Afrika Kusini, nchi iliyomlea Brad Binder, bingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016. Lakini hatulazimiki kuanzia huko. Silverstone yenyewe ilikuwa kiwanja cha ndege za kivita kabla ya mbio kuanza humo mwaka 1948. Kipande cha lami kisichotumika, vizuizi vya plastiki, ambulensi moja, walimu wachache na bendera: mwanzo unatosha. Ada ilipwe na wenye pikipiki za kasi. Na siku za katikati ya wiki, lami hiyo hiyo itumiwe kuwafundisha vijana wa bodaboda kushika breki ghafla bila kuanguka, kukwepa shimo wakiwa wamebeba abiria, na kutazama pale wanapotaka kwenda.

Wakati huohuo, sheria isilegezwe hata kidogo. Kushindana katika barabara ya umma ni kosa, na kuwe kosa lenye adhabu inayouma. Amri isiyo na mbadala huzaa ujanja. Mbadala usio na amri huzaa dharau. Nasi walimu tuna sehemu yetu. Somo la mwendo na umbali wa kusimama lisiishie ubaoni kama kanuni ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Tuwatoe wanafunzi nje, tuzipime zile mita 55 kwa hatua, kisha tumweke mmoja wao asimame mwisho wake. Watalielewa somo kabla hatujasema neno.

Wahenga hawakukosea kuhusu wembe. Waliokosea ni sisi tuliofikiri kwamba methali inatuambia tugeuze visogo. Mwana akililia wembe, tumwite, tumketishe mahali penye mwanga, tumwonyeshe makali yako upande gani. Akikataa kufundishwa, wembe tunyang'anye. Lakini tusimpe, tukaondoka, kisha tukakutana matangani kutikisa vichwa.