Kiolesura Kisichojua Upatanisho

Wataalamu wanapochagua kiunzi cha kuundia programu za kompyuta za mezani, aghalabu huulizia kasi na sura. Lugha huja mwisho, ikija. Hilo ni kosa. Katika Kiswahili, barua moja “imefutwa”, barua tano “zimefutwa”: nomino imetulia, kitenzi ndicho kibadilikacho. Qt, iliyotolewa mwaka 1995, humwezesha mfasiri kuandika sentensi nzima ya umoja na nyingine ya wingi. Programu za GTK hufanya vivyo hivyo kupitia gettext. Electron haina mfumo wake wa tafsiri. Mtunzi asipouongeza, akaunganisha vipande tu, huzaliwa “barua tano imefutwa”. Mwanaisimu na aitwe kabla ya kiunzi kuchaguliwa, si programu ikishauzwa.