Kutojua Habari si Amani

Ami yangu mmoja, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, amekata shauri kubwa. Redio yake amempa fundi, televisheni haitazami, na katika simu yake amejitoa kwenye vikundi vyote. Sasa simu ni ya kupiga na kupokea tu. Akiulizwa sababu hujibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipima jambo lake: "Mwanangu, miaka sitini nimesikiliza habari. Sikuzuia vita vyovyote, wala sikuishusha bei ya unga hata kwa senti moja. Nilichopata ni kukosa usingizi. Sasa nalala."

Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi sicheki, kwani nakutana na wengi wa namna yake, wala si wazee peke yao. Kuna vijana wa chuo, kuna akina mama wa nyumbani, na hata walimu wa madrasa, wasemao kwamba maisha yamekuwa mazuri tangu walipoachana na habari. Basi yafaa tujiulize, bila ya kulifanyia mzaha: je, ni kweli?

Kwanza tuwape haki yao. Zamani habari ilikuja mlangoni ikabisha hodi; siku hizi inalala nasi kitandani. Mtu huamka alfajiri, na kabla hajatia udhu mkono umekwisha kufika kwenye simu. Tangu Oktoba 2023 tumeletewa maiti za watoto wa Gaza mpaka kwenye sahani zetu za mahamri. Siku za mwanzo tulilia. Baadaye tukawa twatazama huku twatia sukari kwenye chai. Hilo, kwa maoni yangu, ni la kuogopwa kuliko kukosa usingizi: moyo kuzoea. Atakaye kuuokoa moyo wake na hali hiyo hana kosa, wala hafai kuitwa mwoga.

Lakini ipo raha ambayo mtu huipata bure kwa kuwa gharama yake hulipwa na mwingine. Ami mwenyewe ni shahidi. Usiku wa tarehe 29 Shaabani, yeye aliyeapa kutofuata habari ndiye wa kwanza kutoka barazani na kumwuliza kila apitaye: "Umeandama?" Mwezi ni habari. Asiyeitafuta hana budi aitafutiwe.

Hilo ni la kuchekesha. La pili si la kuchekesha. Sahibu yake wa utotoni, waliyesoma naye chuoni wakichangia msahafu mmoja, alifariki Malindi usiku. Habari ilipita katika kikundi cha jamaa, kile ambacho ami alikuwa amejitoa. Asubuhi kila mtu akadhani mwenzake amekwisha kumwambia. Nasi Waislamu hatuwekezi maiti. Adhuhuri aliswaliwa na kuzikwa. Ami alijua magharibi, msikitini, pale mtu alipomshika mkono kumpa pole. Hakumwosha, hakumswalia, hakutia udongo. Usiku ule, aliyekuwa amejinunulia usingizi kwa kutosikia habari alikesha kwa sababu hiyo hiyo.

Ikiwa hasara ya mtu mmoja haitoshi, tutazame hasara ya pwani nzima. Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyekuwa na dai la ardhi katika ukanda huu alitakiwa alipeleke kwa afisa wa serikali, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni mali ya Taji la Uingereza. Aliyepata habari, tena akajua njia za ofisini, alidai akapewa hati. Wengi katika Wamijikenda, na katika Waswahili wa vijijini, hawakujua kwamba liko jambo kama hilo, au waliambiwa wasilielewe. Waliendelea kulima na kuangua nazi zao kwa amani kamili. Wajukuu wa watu hao leo huitwa maskwota, na makaburi ya babu zao yako hapo hapo.

Sisemi kwamba dhuluma ile ilikuwa kosa lao. Dhuluma ni ya aliyedhulumu. Lakini dhalimu hakuhitaji bunduki kila mahali. Mahali pengi ilimtosha kwamba wenye shamba hawana habari.

Linganisha na yaliyotokea Lamu karne moja baadaye. Bandari mpya ilipoanza kujengwa, wako wavuvi na wenyeji waliofuatilia kila lililoandikwa na kila lililofichwa, wakenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na miongoni mwa makosa iliyoyaona ni kwamba wananchi hawakupewa habari waliyostahiki. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko huko Lamu, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa inavyopasa. Watu hawa wangalichagua kulala, wangaliamshwa na moshi.

Basi tufanyeje, ikiwa habari zatuua na kutojua kwatuua? Mimi naona jibu tunalo tangu zamani, nalo liko katika kisa kilichopokewa na Bukhari cha Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.).

Sayyidna Umar alikuwa akikaa nje kidogo ya mji wa Madina, jirani na mtu mmoja wa Kiansari. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake, hawakuweza wote wawili kushuka kwa Mtume (s.a.w.) kila siku. Wakapeana zamu. Leo hushuka huyu, na arudipo humletea mwenzake habari za siku ile, za wahyi na mengineyo. Kesho hushuka yule. Wakati huo Madina ilikuwa na hofu ya Ghassan, watu wa upande wa Sham, waliosemekana wanajitayarisha kuja kupigana. Usiku mmoja jirani akaja, akagonga mlango kwa nguvu. Sayyidna Umar akamwuliza kama Ghassan wamekuja. Akajibiwa kwamba lililotokea ni kubwa kuliko hilo: Mtume amewataliki wakeze.

Asubuhi Sayyidna Umar akateremka. Akakuta watu wamekaa karibu na mimbari, baadhi yao wakilia. Hakutosheka na kilio chao, wala hakwenda kumsimulia mwingine. Aliomba idhini, akanyamaziwa, akarudi tena na tena, mpaka akaingia kwa Mtume mwenyewe akamwuliza. Jibu likawa: la.

Tuzingatie. Watu wale walikuwa na vita vikiwakabili, na hawakusema afadhali tusisikie. Wala hawakushinda njiani mchana kutwa wakingoja mpanda ngamia. Kila mmoja alifanya kazi yake siku yake, akamwamini mwenzake kwa siku nyingine. Na ilipokuja habari ya kutisha, tena kutoka kwa jirani mwaminifu, haikupokewa mpaka ilipofikishwa kwa mwenye kuijua. Hiyo ndiyo amri ya Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, itutakayo tuihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Wazee wetu wa pwani walikuwa karibu na mwendo huo. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957, redio hazikuwa nyingi. Watu walikusanyika palipo na redio kwa saa yake, wakasikiliza. Taarifa ikisha, redio ikazimwa, kahawa ikamiminwa, na hapo ndipo habari ilipopimwa. Huyu asema kweli, yule apinga, na mzee mmoja humaliza kwa kusema tungoje. Na kabla ya hapo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1937 hadi kufariki kwake 1947, alitoa hapa Mombasa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Lau kutojua habari kungekuwa ndio ucha Mungu, mwanachuoni kama yule asingalijitaabisha kuchapisha gazeti.

Kilichotuharibikia si habari. Tumepoteza saa yake na tumepoteza wapimaji wake. Simu haina saa, na kila mwenye kidole amekuwa mtangazaji. Ujumbe waja, chini yake umeandikwa umfikie kila Mwislamu, nasi twausukuma mbele kabla hatujaumaliza kuusoma. Tukiulizwa twajitetea kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waliochoka ni kwamba wasizibe masikio, bali wapeane zamu. Nyumba moja haihitaji watu sita kukesha na habari moja. Na atakayeshika zamu ajue anatafuta nini: aliyefariki, aliye mgonjwa, mwezi, bei, sheria mpya, na tangazo la ardhi. Hili la mwisho lisidharauliwe. Mtu akidai kwamba hati ya shamba imepotea, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la serikali, na zikipita siku 60 bila ya pingamizi, hati mpya hutolewa. Siku 60 ni chache kwa aliyelala. Ama yale ya mbali yanayotuumiza, kama Gaza, aliyesikia akaomba dua, akatoa alicho nacho na kusema la haki, ametimiza. Kuitazama maiti ile ile mara ya kumi hakumfufui mtoto wa mtu.

Nilimweleza ami haya yote. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema redio hairudi. Lakini akaniomba niwe nampitia barazani kila siku baada ya swala ya isha, nimwambie linalompasa kulijua. "Na usiniletee usilolihakikisha," akaongeza.

Nimeikubali zamu hiyo, na nimeiona ni kazi kuliko nilivyodhani. Jana, katika yote niliyoyasoma mchana kutwa, nilipofika barazani niliona yaliyostahiki kufikishwa ni mawili: jirani amelazwa hospitali, na maji yatakatwa siku mbili. Ami alikwenda kumzuru mgonjwa, na mapipa yakajazwa.