Fyuzi Isizibwe Mdomo

Fyuzi ikikatika katika chombo cha umeme, aghalabu hulaumiwa yenyewe. Mwenye chombo huing'oa, huitupa, kisha hutafuta iliyo nene zaidi ili isimsumbue tena. Na akiikosa, huizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ndugu msomaji, huko ni kumziba mdomo mlinzi wa usiku kwa kuwa amepiga kelele alipomwona mwizi.

Desturi hiyo huziponza hasa mashine kongwe za michezo ya video, yale makabati marefu ya mbao yenye kioo cha televisheni na tundu la sarafu. Asteroids ya Atari ilitoka mwaka 1979. Pac-Man ya Namco ilitoka Japani mwaka 1980, na Marekani ikatengenezwa na Midway. Leo wako watu wanaozikusanya na kuzifufua. Transfoma ya mashine ya namna hiyo ikiungua, kupata nyingine ya asili ni kazi. Na kabati la mbao likishika moto sebuleni, hasara haiishii kwenye mchezo.

Tuchukue Pac-Man. Transfoma yake hupeleka kwenye bamba la saketi mkondo geu wa volti 7 na wa volti 12. Dayodi huunyoosha mkondo huo, kisha volti hupunguzwa hadi 5 zinazohitajiwa na chipu. Chipu hizo ni za kudeka: mipaka yake ni volti 4.75 na 5.25. Sasa mashine ya Marekani, iliyofungwa kwa volti 120, ikichomekwa katika ukuta wetu wenye volti 230, zile 7 zitakuwa zaidi ya 13. Atari waliweka katika transfoma zao plagi ya kuchagulia volti za nchi. Mashine isiyo na plagi hiyo yahitaji transfoma ya kushushia umeme. Lakini kishushio hakibadili mizunguko. Marekani ni 60 kwa sekunde, kwetu ni 50, na transfoma ya 60 hupata joto zaidi ikiendeshwa kwa 50. Yafaa ichunguzwe joto lake baada ya nusu saa, umeme ukiwa umekatwa.

Kabla ya kugusa lolote, chomoa waya ukutani. Upande wa kioo uachie fundi, kwani hubeba maelfu ya volti na huweza kuyahifadhi hata mashine ikiwa imezimwa.

Fyuzi itolewe kabisa ndipo ipimwe kwa mita, maana ya kioo huweza kuonekana nzima kumbe imeachia mwishoni. Itazame pia ilivyokufa. Uzi uliokatika taratibu katikati huashiria mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu. Kioo kilichoingia weusi huashiria njia fupi ya ghafla. Weka mpya moja, ya ampea zilezile na ya namna ileile, ya haraka au ya polepole. Nayo ikikatika, usiweke ya tatu.

Hapo mafundi wana mbinu nzuri kuliko zote nizijuazo. Huondoa waya zote zitokazo kwenye transfoma, kisha mahali pa fyuzi ya kuingilia huunga balbu ya uzi ya wati 100, ya volti zilezile za umeme unaoingia. Balbu ikiwaka kwa nguvu ilhali transfoma haina mzigo, nyuzi zake za ndani zimegusana. Ikiwaka hafifu au isiwake, transfoma yaelekea kuwa nzima. Basi rudisha fyuzi sahihi, upime kila tawi kwa mkondo geu. Bila mzigo, kuzidi kwa sehemu moja ya kumi kusikutishe.

Baada ya hapo mzigo hurudishwa tawi moja moja, mpaka lijulikane linalokata fyuzi. Aghalabu mkosaji ni dayodi: nzima hupitisha umeme upande mmoja tu, iliyokufa hupitisha pande zote mbili. Kapasita kubwa ifuatie, lakini imwagwe umeme wake kwanza. Mara nyingine kosa ni kishikio cha fyuzi kilicholegea, kikaungua kwa joto lake chenyewe.

Ukubwa wa fyuzi uchukue katika kitabu cha mashine au karatasi iliyobandikwa kiwandani, si katika fyuzi uliyoikuta ndani. Huenda aliyekutangulia ndiye aliyeweka ile nene.