Bawabu Alipokea Zawadi

Wapo wachungaji wenzangu wanaosema kwamba hadithi isiyoeleweka ni kupoteza muda. Wengine huiogopa kana kwamba ina pepo. Ninawapinga, nami naanza kwa kuungama, maana kosa hili lilikuwa langu.

Mwaka 1915 Franz Kafka, Myahudi wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani, alichapisha hadithi fupi kuhusu mtu wa shamba aliyefika kwenye mlango wa Sheria. Mlango u wazi, lakini bawabu anamwambia kwamba huenda ataingia, ila si sasa. Anapewa kigoda, anaketi hapo miaka na miaka. Anatoa kila alichokuja nacho ili amlainishe bawabu. Bawabu anapokea vyote, akisema anapokea ili mtu yule asidhani kuna jambo hakulijaribu. Akiwa karibu kufa anauliza mbona hakuja mtu mwingine. Anajibiwa kwamba mlango ule ulikuwa wake peke yake, na sasa unafungwa. Hadithi inaishia hapo.

Nilipoisoma chuoni nilikuwa na jibu kabla ya kufunga kitabu: Sheria haiokoi, mtu yule alikosa Injili, Kristo ndiye mlango. Jibu safi la Kilutheri. Miaka mingi baadaye niliwasimulia akina mama usharikani. Kabla sijalitoa jibu langu, bibi mmoja aliuliza, "Baba Mchungaji, kama hakuwa na nia ya kumruhusu, kwa nini alipokea vitu vyake?"

Nilinyamaza. Nilimkumbuka baba mmoja aliyeniletea kuku mwezi uliopita. Nilimpokea kuku, kisha nikamwambia ubatizo wa mtoto wake usubiri mpaka amalize ahadi yake ya kanisa. Miaka yote nilikuwa nimemhubiri mtu aliyeketi mlangoni. Bawabu sikuwahi kumtazama.

Wahenga husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mimi nililigangua mapema, nikabaki mjinga. Haraka ya kutoa fundisho ilinikinga nisiulizwe swali.

Utasema, "Waumini wanahitaji chakula, si mafumbo." Basi mwambie Bwana wetu, ambaye Marko 4:34 inasema hakusema na makutano pasipo mifano. Katika Luka 16 anasimulia habari za wakili dhalimu anayesifiwa na bwana wake. Ni mara ngapi tumelitolea fumbo hilo maelezo ya dakika mbili, tukakimbilia sadaka? Hata Kafka, katika riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1925, alimpa padre ndani ya kanisa kuu kazi ya kuisimulia hadithi hii ya mlango. Msikilizaji akatoa hukumu papo hapo, na padre akamkanya asiharakishe.

Sisemi kila maandishi yenye utata ni hazina. Nasema anayeshindwa kukaa na swali la hadithi ya kurasa mbili atashindwa pia kukaa na Ayubu, na atashindwa kukaa na mfiwa. Atampa jibu ili aondoke.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na hadithi ya namna hii, usianze kwa kuuliza inafundisha nini. Uliza wewe umesimama wapi ndani yake.

Wiki ile nilikwenda nyumbani kwa yule baba. Mtoto alibatizwa Jumapili iliyofuata. Ahadi bado hajaimaliza.